Supu ya Mjapani na Posa Yangu

Majuzi wajukuu zangu wawili, mmoja wao mwanafunzi wa chuo kikuu cha Al Khoudh, walinipeleka Bawshar katika jengo la maduka lenye baridi ya kuhifadhia maiti, ili nikale chakula cha Kijapani. Binti aliyetuhudumia aliinama akanieleza taratibu, kwa sauti ambayo watu huitumia kusema na wazee na paka, kwamba chakula kile kinaitwa rameni, kwamba ni tambi ndani ya supu nzito ya mifupa, na kwamba kimeingia Maskati miaka michache tu iliyopita. Nilimuuliza nani aliyemwambia hilo la mwisho. Akajibu kwamba kila mtu anajua. "Kila mtu" ni shahidi niliyemkataa tangu ujana wangu. Hana jina wala makazi, haapi, na akiitwa mbele ya kadhi haji.

Ukweli ni kwamba nilikula rameni hapa hapa Maskati, upande wa bandari ya Matrah, kabla mamake binti yule hajazaliwa. Tena niliila kwa mapenzi makubwa, na nusura inikoseshe mke.

Nilifika Maskati mwaka wa sitini na nne pamoja na mama yangu, tukitokea Unguja, kwa sababu ambazo zimekwisha kuandikwa na watu wengi, baadhi yao hata hawakuwapo. Maskati ya wakati ule nayo imezushiwa mengi. Vijana husimuliana kwamba miwani ya jua ilikuwa marufuku. Sijui, sikuwa na miwani ya jua. Ninachojua ni kwamba milango ya mji ilifungwa usiku, kwa sababu nimewahi kuachwa nje. Na ninajua kwamba mtu aliyetaka kula mkahawani alipewa wali na samaki, au samaki na wali, kwa kutegemea kipi kilichotangulia sahanini.

Nilipata ukarani kwa wakala mmoja wa meli pale Matrah, kwa kuwa nilikuwa na Kiingereza cha shule na hati inayosomeka. Mafuta yalipoanza kupakiwa, meli za Kijapani zikawa zinakuja kuyachukua, na mojawapo ikamshusha mpishi wake akiwa amejikunja kama kamba wa baharini kwa maumivu ya kidole tumbo. Hospitali ilimpasua, ikamshona, ikamrudisha akiwa hai. Meli haikumngoja. Ikawa lazima asubiri nyingine ya kampuni yake. Ya pili ikaja haina nafasi, na ya tatu haikuja kabisa. Kuhusu ruhusa zake za kukaa nchini sina habari, na nisilo na habari nalo silisemi. Najua tu kwamba tajiri wangu alichoka kumlisha, akaniamuru nimpeleke kwa Mbulushi mmoja mwenye mkahawa nyuma ya soko la samaki.

Mbulushi yule alikuwa ameishi Unguja miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa cha mitaa ya Ng'ambo ya kule tupu. Alimtazama Mjapani juu mpaka chini.

"Anajua kupika nini?"

"Sijui," nikasema. "Anasema ni mpishi."

"Hata mie nasema ni mpishi. Nenda kawaulize wanaokula."

Akampokea. Siku ya pili Mjapani alizunguka soko zima akiwa na kapu, nami nyuma yake kama mkalimani. Alichukua mifupa ya ng'ombe na mbuzi ambayo wachinjaji waliwatupia mbwa. Alichukua miguu ya kuku. Alichukua dagaa wakavu ambao watu wa pwani ile waliwalisha ng'ombe wao, akawanusa kama anusaye uturi. Kwa ajili ya unga alihitaji magadi, nami nikampatia kutoka kwenye kopo la mama yangu, aliyekuwa ameyabeba kutoka Unguja kwa ajili ya maharage na ambaye hakunisamehe. Mifupa ilichemka tangu alfajiri, moto mkali usiopungua, mpaka supu ikawa nyeupe na nzito. Unga aliukanda kwa visigino, akiwa ameufunika kwa kitambaa safi na kuupanda juu, kisha akausukuma na kuukata kwa kisu uzi mmoja mmoja.

Hapo ndipo sisi watu wa Unguja tulipofanya kosa ambalo, kwa imani yangu, hakuna taifa jingine duniani lingelifanya. Tulikuwa watatu mezani. Tukaletewa bakuli lenye tambi ndani ya kitu cheupe. Kwetu sisi tambi ndani ya kitu cheupe ni tambi za tui: huwa na sukari, huwa na hiliki, na huliwa Idi. Mwenzangu mmoja akaonja ncha ya kijiko, akasema, "Kasahau sukari," akamwita Mbulushi, na Mbulushi, ambaye naye alikuwa amezoea tambi za tui, akaleta kopo bila ya kuuliza. Tukatia. Tukakoroga. Ladha ya makongoro yenye sukari siwezi kuieleza katika maandishi yatakayosomwa na watu wa heshima.

Mjapani alitoka jikoni, akatazama bakuli langu, akaonja kwa kidole. Alilichukua kopo, akaenda mlangoni, akaimwaga sukari yote kichochoroni, kisha akalirudisha kopo tupu mezani kwa adabu kamili. Akatuletea mabakuli mengine.

Bakuli lile la pili silisahau. Juu yake palielea macho ya mafuta, na yai lililokaa ndani ya mchuzi mweusi wa chumvi alioletewa na mabaharia wenzake, na majani ya kitunguu. Supu ilikuwa na uzito wa kugandisha midomo. Nilipofunga mdomo ili nimeze ilinibidi niufungue tena kwa nguvu kidogo. Tambi zilikuwa na ukaidi, ziliteleza na kukataa jino kabla ya kukubali. Nimesoma vitabu vya lugha tatu na sijaona sifa ya chakula iliyonitosha kwa siku ile. Nikalifuta bakuli kwa mkate, jambo ambalo Mjapani alilitazama kwa huzuni.

Kisha akanifundisha kula. Nilikuwa nimelelewa kwamba mwana wa watu hula kimya, kama mwizi. Yeye alinionyesha kwamba tambi zile huliwa zikiwa za moto mno, kwa hiyo huvutwa pamoja na hewa, kwa mlio, na kwamba anayekula kimya anamwambia mpishi kuwa chakula kimepoa. Nilijaribu kwa haya. Akatikisa kichwa. Nikavuta kwa nguvu mpaka Mbulushi akageuka kutoka alikokaa.

"Umekuwa pampu ya kisima sasa?" akaniuliza.

Tangu hapo, kila nilipotoka kazini adhuhuri, nilikuwa pale. Wenye mikahawa jirani walijaribu kuiga kwa wali uliobaki na maji ya samaki, na waliokula kwao walirudi kwetu wakiwa wanyenyekevu.

Katika majira hayohayo ami yangu, ndugu wa marehemu baba, alikwenda kupeleka posa yangu katika nyumba moja ya watu wetu wa Unguja. Binti mwenyewe nilikuwa nimemwona mara moja tu, mlangoni, akimkemea mbuzi aliyeingia ukumbini. Alimkemea kwa Kiswahili na kwa Kiarabu kwa zamu, na hakurudia tusi. Nikaamua palepale kwamba nikimkosa huyu sioi. Babake alikuwa hai, lakini katika nyumba ile alikuwa na cheo cha mgeni. Mwenye kauli alikuwa bibi wa binti, mzaa baba, mwanamke mrefu mwenye bakora ambaye hakuhitaji kuiegemea.

Bibi aliomba muda wa kupeleleza, kama ilivyo ada. Baada ya muda majibu yakaja kwa ami, naye akaja nyumbani kwetu akakaa bila ya kuvua viatu.

"Bi Mkubwa kasikia kuwa unakula supu ya nguruwe."

Mama akaweka chini kikombe. "Nani kamwambia?"

"Mji mzima unasema. Supu nyeupe ile si ya ng'ombe, Mjapani anajulikana, na meli zinamletea gunia."

"Gunia la nini?" nikauliza.

"Hawajasema la nini. Ndiyo maana ni la nguruwe."

Nilitoka kulitafuta chimbuko la habari. Jirani aliyemwambia bibi alikuwa amesikia kwa kinyozi. Kinyozi alisikia kwa muuza halwa. Muuza halwa, mtu mkweli, aliniambia kwamba yeye aliambiwa na hamali aliyeliona gunia kwa macho yake, na kwamba hamali huyo amekwisha safiri kwenda Kuwait. Uvumi mwingi wa Matrah wakati ule ulikuwa na baba mmoja, naye alikuwa Kuwait.

Nikaenda jikoni kwa Mjapani kuliona sufuria lenyewe. Palikuwa na taya la mbuzi, palikuwa na kwato za ng'ombe, palikuwa na dagaa. Nilifurahi. Kisha nikamwona akifanya jambo ambalo nilikuwa sijaliona, kwa sababu mteja huona bakuli tu. Alipokwisha kuchuja, hakulimaliza sufuria. Aliacha supu ya zamani chini, akatia juu yake mifupa mipya na maji. Nilimuuliza kama hufanya hivyo daima. Akanijibu kwa Kiingereza chake kifupi kwamba supu isiyo na supu ndani yake ni maji. Ya leo ilikuwa na ya jana, ya jana ilikuwa na ya juzi, na hivyo hivyo hadi siku ya kwanza, ambayo mimi sikuwapo jikoni. Kuhusu gunia alinionyesha: lilikuwa na dagaa na magugu ya baharini yaliyokauka. Lakini hilo lilikuwa gunia moja.

Jioni ile ami akaja na sharti la bibi. Lilikuwa jepesi. Niape tu kwamba supu niliyokula haikuwa na nguruwe, na posa itaendelea.

"Siwezi," nikasema.

Ami akanitazama. "Kwani ulikula nguruwe?"

"Sidhani hata kidogo. Mjapani kasema hakuna, Mbulushi kasema hakuna, na sufuria nimeliona. Naweza kuapa kwamba sijala nguruwe kwa kujua. Lakini supu ile ina supu ndani yake ambayo sikuiona ikipikwa. Sitamtaja Mungu juu ya chungu nisichokiona kikijazwa."

"Mwanangu," akasema mama kwa upole uliotisha, "unamtaka yule mwanamwali au humtaki?"

"Namtaka."

"Basi sema wallahi."

"Mama, kiapo si—"

"Yaleti ningezaa bubu," mama akamwambia ami, kama kwamba mimi nimekwisha toka chumbani. "Bubu angetikisa kichwa tu, na sasa hivi tungekuwa tunashona nguo."

Ami alichukua jibu langu kama lilivyo. Alinieleza baadaye kwamba njiani alifikiria kulitengeneza, lakini aliogopa nitamsahihisha mbele ya watu. Nilidhani mambo yamekwisha. Sikulala vizuri, na nilikula rameni kwa huzuni, ingawa niliila yote.

Bibi hakukataa. Alituma neno kwamba mpishi aletwe nyumbani kwake, apike mbele yake, kwa mifupa ya ng'ombe aliyemnunua yeye na kumchinjisha yeye, na kwamba mimi na ami tuje kula. Mbulushi alifunga mkahawa kwa siku ile. Mkahawa wenyewe ulikuwa hauna watu tena. Uvumi ulikuwa umekwisha kuwatoa.

Tulifika asubuhi. Uani palikuwa na moto tayari, bibi juu ya kigoda, bakora magotini, na nyuma ya pazia la ukumbi sauti za wanawake. Mjapani alikuja na kisu chake, unga wake, na kopo la bati lililofunikwa kwa kitambaa.

"Nini hiyo?" bibi akauliza.

Nikatafsiri. Ilikuwa supu ya zamani ya kuanzishia mpya.

"Mwambie hii hapana. Nimemwita apike, sikumwita aniletee mabaki yake."

Nikatafsiri kwa maneno laini zaidi. Mjapani akalikumbatia kopo. Bibi akalichukua kutoka mikononi mwake, kwa utulivu kabisa, akaenda akawamwagia paka. Paka wa nyumba ile walikuja kutoka pande ambazo sikujua kuwa kuna paka. Mjapani aliketi chini akafunika uso, na nilidhani atalia. Mbulushi akachuchumaa karibu naye, akamsemesha kwa Kiswahili, lugha ambayo mwenzake hakuijua hata neno.

"Haya, yakhe, inuka. Mie nilikimbia Unguja na nguo moja, na leo nna mkahawa. Supu itazaa supu."

Sijui Mjapani alielewa nini. Aliinuka.

Alipika tangu asubuhi hiyo mpaka baada ya alasiri. Bibi hakuondoka kigodani isipokuwa kwa sala, na alipokwenda kusali alimweka binamu yangu mmoja, aliyekuja nasi, alinde sufuria, kisha akarudi akamuuliza maswali. Kilichomkera si mifupa. "Hatii bizari," akawa analiambia pazia. "Hatii hata kitunguu saumu. Sasa anapika nini huyu, anapika moto?" Mjapani alipopanda juu ya unga kuukanda kwa visigino, bibi aliagiza miguu ioshwe tena, mbele yake.

Mabakuli yakaletwa. Wanaume tulikaa uani, babake binti miongoni mwetu, akiwa mpole kama mgeni. Wanawake nyuma ya pazia. Tambi zilikuwa za moto mno. Mjapani alisimama mlangoni kunitazama, kwa uso wa mtu ambaye siku yake yote imekuwa mbaya. Nikawa baina ya watu wawili: nikila kimya, nimemtukana yeye, nikila kwa mlio, nimejitukana mbele ya mkwe. Lakini sikuona kwa nini mtu aliyekataa kuapa uwongo kwa ulimi aseme uwongo kwa midomo. Chakula kilikuwa cha moto, na kilikuwa kizuri, ingawa supu ilikuwa nyepesi kidogo kuliko ya sufuria la Matrah. Nikavuta.

Ami akafumba macho. Babake binti akasimamisha kijiko hewani. Nyuma ya pazia mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo, akacheka tena.

Bibi alikula bakuli lake lote huko ndani. Alipotoka, midomo yake ilikuwa iking'aa, na alisema nami moja kwa moja.

"Supu hii ni halali. Nimeiona tangu mfupa. Tena ni tamu, ijapokuwa haina kitu."

"Alhamdulillahi," akasema ami, akaanza kuinuka.

"Kaa. Sijesha." Akanigeukia. "Lakini ile unayokula sokoni mie sikuiona. Weye umesema huapi kwa chungu usichokiona kikijazwa. Maneno ya mtu aliyesoma hayo, nimeyapenda. Sasa unataka mie niape?"

Hoja ilikuwa yangu, na ilikuwa mikononi mwake.

"La, Bi Mkubwa," nikasema. "Hutaweza kuapa."

"Basi siwezi kusema ndiyo, wala siwezi kusema hapana. Atasema mwenyewe."

Kwa ada yetu mwanamwali huulizwa, naye huona haya, hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo kukubali. Bibi akaingia ndani. Tulingoja. Mjapani alikuwa akifuta kisu chake. Bibi akatoka na uso ambao ami, mtu aliyekwenda posa nyingi, hakujua kuusoma.

"Kanyamaza?" ami akauliza.

"Hakunyamaza."

"Basi kakataa."

"Hakukataa."

"Kwani kasemaje?"

"Kasema: akila vile, walau kila siku ntajua yupo chumba gani."

Ami alilitafakari neno hilo njia nzima ya kurudi. Alikwisha sikia wanawali walionyamaza, na mmoja aliyelia, na mmoja aliyekimbilia kwa jirani, lakini hakuwa na kigezo cha aliyesema hivi. Siku ya pili alilipeleka kwa shekhe wa mtaa. Alinihadithia kwamba shekhe alianza kwa kuuliza supu ilikuwa ya nini, na alipohakikishiwa kuwa ni ya ng'ombe wa Bi Mkubwa, alisema kwamba ikiwa kunyamaza ni kukubali, basi kupanga vyumba ni kukubali zaidi. Ndoa ikafungwa kabla ya mwaka kwisha. Mjapani alihudhuria karamuni, akala pilau kwa kijiko, kimya kabisa, na watu wakamsifu kwa adabu yake. Meli ikaja kumchukua baada ya hapo, na mkahawa ukarudia samaki na wali.

Mimi mwenyewe maneno ya mwanamwali sikuyasikia. Nilikuwa upande wa pili wa pazia. Nimeyapokea kwa bibi, na ya shekhe nimeyapokea kwa ami, na wote wawili wamekwisha kufariki. Kwa kuwa sipendi habari isiyo na shahidi, nimemuuliza mke wangu mara nyingi, kwa miaka mingi, kama kweli alisema vile. Hajapata kuniambia ndiyo wala hapana. Hunitazama tu, huku akiendelea na kazi yake, na kuniuliza:

"Weye umesikia kwa nani?"